Jinsi Mama Hiral Alivyoimaliza Picha

Theopista Mlay alianguka kutoka juu ya stuli dukani kwake, Mtaa wa Narung'ombe, akiwa amelikumbatia robota la vitenge kama mtu anayeokoa mtoto. Vitenge havikupata hata vumbi. Yeye alipata ufa kwenye pingili ya mgongo.

Ilikuwa mwaka 1992 na Kariakoo ilikuwa imechangamka. Watu waliokuwa wakipanga foleni ya sukari na sabuni miaka michache tu nyuma, sasa walikuwa wanachagua rangi ya friji. Maduka yalijaa vitu vya Dubai: redio zenye taa za kuchezacheza, feni za mezani, saa za ukutani zinazolia kama ndege. Theopista, mama wa Kibosho mwenye miaka arobaini na kitu, alishaingia kwenye mambo hayo mapema. Alianza na kibanda cha sabuni, akapanda hadi duka la jumla, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Daktari alipomwambia alale chali mpaka mfupa ushike, asinyanyuke ila kwa haja, alimwangalia kama mtu aliyetukanwa.

"Na duka?"

"Duka halijavunjika, mama."

Binti wa dada yake akakabidhiwa funguo. Mumewe, Vitalis, alikuwa tali klaki bandarini, mhesabu mizigo, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Alimwangalia mkewe akilumbana na dari, akimwita kila anayepita kwenye ngazi aingie amweleze mtaani kuna nini, akaona hali hii itawamaliza wote wawili. Jioni moja akarudi na wapagazi, wamebeba televisheni na deki.

"Utaangalia picha," alisema.

"Mimi? Picha ni za watu wasio na kazi."

"Sasa na wewe huna."

Wakati ule bara hakukuwa na kituo chochote cha televisheni, kwa hiyo televisheni bila deki ilikuwa sawa na kabati. Mikanda ilikodishwa kwenye maktaba za video, ambazo zilikuwa zimeota kila kona kama uyoga. Picha mpya ziligombewa tangu asubuhi. Vitalis, aliyetoka bandarini jua likiwa limeshapoa, alikuta kwenye rafu zimebaki za zamani tu, zile ambazo hata mwenye maktaba alishasahau zinahusu nini. Ndivyo Theopista alivyoanza kuangalia picha zilizotengenezwa wakati yeye bado anakata majani ya ng'ombe kwa mama yake.

Alianza kwa kudharau, na haikupita wiki akawa na maoni juu ya kila kitu.

Picha za karate hazikumwingia. "Hawa wanapigana tangu alfajiri," alimwambia Vitalis, "na sijaona hata mmoja aliyefungua duka. Wanakula nini?" Za Marekani, zile za wapanda farasi, alizifuatilia kwa sababu ya farasi. Alitaka kujua wanakunywa maji saa ngapi. Kuhusu steling, yule shujaa wa picha, kupiga bunduki bila risasi kuisha, alisema hilo halimshangazi, maana steling ana watu wake huko juu. Vitalis alikuwa akisinzia tangu majina yanapoanza kupita, akishtuka kwenye ugomvi na kuuliza, "Huyu ndiye nani?" Theopista akawa anamjibu kwa ukali wa mwalimu: "Ni yule yule uliyemwacha. Lala."

Siku moja mchana mkanda wa Kihindi ulikuwa unacheza. Wimbo ukapanda, ukatoka mlangoni, ukaenda kwenye ngazi. Mlango ukagongwa, akaingia Geeta, jirani wa ghorofa ya juu yao, ameshika bakuli la dengu la kumpa pole mgonjwa.

Geeta alikuwa mjane wa miaka sitini, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Marehemu mumewe, Arvind, alikuwa na duka la vyuma, na sasa Geeta alikuwa akiishi na binti yake Hiral, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la dawa kule Posta. Jengo zima lilimwita Mama Hiral.

"Shikamoo, Mama Hiral."

"Marahaba, Mama Matilda. Pole na mgongo. Huu wimbo..." Geeta hakumaliza. Alibaki amesimama na bakuli lake, macho kwenye televisheni.

Hapo pana jambo la kueleza. Matilda alikuwa mtoto wa kwanza wa Theopista, na kwa desturi mama huitwa kwa mwanawe wa kwanza. Lakini miaka miwili nyuma, Matilda alimpenda Shaibu, fundi wa mafriji wa Magomeni, Mwislamu, na mama yake alikuwa amemwandalia kijana wa parokia yao, mwenye lori. Hapakuwa na kuelewana. Shaibu alikuja kujitambulisha, akaamkia, na Theopista hakuitikia shikamoo yake. Matilda akaondoka, wakafunga ndoa bomani. Siku anatoka, mama yake alimwambia: "Ukiuvuka mlango huu, usiubishe tena." Tangu hapo Theopista akataka aitwe Mama Lucky, kwa jina la mdogo wake Matilda aliyekuwa shule ya bweni Moshi. Mtaa ukatii. Ni Geeta peke yake aliyeendelea kumwita Mama Matilda, na kwa kuwa alikuwa mtu mzima, hakuna aliyemsahihisha.

"Kaa basi," Theopista alimwambia. "Unielezee wanasema nini. Mimi naona midomo tu."

Geeta akakaa. Kuanzia mchana ule akawa anashuka kila siku baada ya kuosha vyombo, wakati mwingine na chai ya viungo kwenye chupa. Vitalis akaagizwa alete za Kihindi, na ziwe za zamani, maana Geeta alisema hizi mpya waigizaji wake wanacheza dansi kama watu walioingiwa na siafu.

Geeta alitafsiri kwa sauti ya chini, bila kugeuza uso, na Theopista alitoa hukumu. Kwenye picha ya ndugu wawili waliopotezana sokoni wakiwa wadogo, wakaja kujuana uzeeni kwa sababu ya wimbo, Theopista alikasirika. "Tangu mwanzo wamefanya kazi pamoja! Mmoja angemuuliza mwenzake, 'Baba yako nani?' tungekuwa tumeshamaliza."

"Ukiuliza mapema, nyimbo utaimba saa ngapi?" Geeta alijibu.

Kwenye nyingine, msichana maskini alikuwa akilia kwenye kibanda cha majani. Theopista akamtazama kwa makini, jicho la mwuza nguo. "Mama Hiral, huyu si maskini. Hiyo ni hariri."

"Maskini wa picha."

"Basi na mimi nataka umaskini huo."

Walicheka mpaka mgongo ukauma. Na kulikuwa na picha zisizo na rangi kabisa, nyeusi na nyeupe, ambazo mwanzoni Theopista alizikataa. Geeta akamwambia, "Ile sari yake ni ya kijani, kijani cha embe bichi. Wakati ule wasichana wote tulitaka kijani kile." Baadaye Theopista alimwapia Vitalis kwamba picha ile ina rangi, asijifanye hajaiona.

Alichokipenda zaidi, ingawa hakukisema, ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu aje mjini alikuwa na mtu wa kubishana naye juu ya kitu kisichouzwa.

Mwaka ule ulikuwa wa mgao wa umeme. Mji ulikatwa vipandevipande, leo huku, kesho kule, na ratiba iliyotangazwa haikufuatwa. Mchana mmoja wa mvua Vitalis alikuwa ameacha mkanda wa zamani sana, hauna hata picha kwenye jalada. Ulipoanza, Geeta alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii naijua," alisema.

Ilimhusu mkuu wa stesheni ya reli, mtu mwenye masharubu na saa ya mnyororo, aliyekuwa na binti mmoja tu. Binti akampenda mpiga ngoma wa ukoo mwingine, ukoo ambao baba asingeweza kula nao sahani moja. Baba akamwambia aondoke. Akaweka komeo mlangoni, komeo kubwa la chuma, na kila jioni akawa analikagua kabla ya kulala. Miaka ikapita. Mpiga ngoma akafa kwa homa. Theopista siku hiyo hakutoa maoni yoyote. Alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, na mvua ya nje ilikuwa imechanganyika na mvua ya kwenye picha, maana binti alikuwa amerudi usiku wa masika, mtoto begani, amefika mlangoni kwa baba yake, amenyanyua mkono, amebisha.

Umeme ukakatika.

Televisheni ikabaki nyeusi. Nje, mtaani, watu wakaguna wote kwa pamoja kama kawaida. Theopista akainua kichwa.

"Si leo! Si zamu yetu leo! Mama Hiral, akafanyaje?"

Geeta aliangalia kioo kilichozimika.

"Baba aliamka," alisema. "Akachukua taa. Akaenda mpaka mlangoni, akasimama. Halafu akalitoa komeo, akafungua."

"Akasema nini?"

"Alimwangalia mtoto. Akasema, 'Ameloa. Leteni taulo.'"

Theopista alisubiri. "Basi?"

"Basi."

"Hakumuuliza alikokuwa? Hakumkumbusha alivyomwambia?"

"Angeuliza nini, Mama Matilda, na mtoto ameloa?"

Theopista akageuza uso ukutani, akasema mgongo unamuuma. Geeta akabeba chupa yake ya chai, akapanda juu.

Jioni Vitalis aliporudi alimkuta mkewe amekaa kitandani, jambo ambalo daktari alikuwa ndiyo kwanza ameliruhusu. "Baba Lucky," alimwita, "Matilda anaishi Magomeni sehemu gani?"

Vitalis akavua viatu taratibu. Alivua kimoja, akakiweka, akavua cha pili. "Magomeni Mikumi," alisema. "Nyumba ya tatu baada ya msikiti. Mlango wa bluu."

"Umejuaje kuwa ni wa bluu?"

"Mimi ndiye niliyewapelekea rangi."

Kisha akasema yote. Alikuwa akienda kila alipopata nafasi, tangu mwanzo kabisa. Na kulikuwa na mtoto, wa kike, ameshaota meno mawili. Alisema hayo akiwa ameinamisha kichwa akisubiri radi.

"Meno ya juu au ya chini?" Theopista aliuliza.

Alikwenda pale daktari alipomruhusu kutembea, na mkanda mpana umemkaza kiunoni. Vitalis alitafuta teksi, akataka kumsindikiza, akakatazwa. Theopista alivaa kitenge chake kizuri, akavua, akavaa cha kawaida, akaona cha kawaida kinaonyesha dharau, akarudia kile kizuri.

Nyumba ilikuwa ya Kiswahili, vyumba sita na korido katikati, na Matilda alikuwa barazani anakunja nguo za mtoto. Alipomwona mama yake anashuka kwenye teksi kwa shida, akishikilia mlango, alisimama. Nguo zikaanguka. Hakusogea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huniletei stuli? Mgongo wangu mbovu."

Matilda akaleta stuli. Theopista akakaa. Kwenye teksi alikuwa amepanga maneno tangu Kariakoo mpaka Jangwani, maneno mazuri, yenye kuanza na kumalizia, na sasa halikuwepo hata moja. Akaangalia mlango. Kweli ulikuwa wa bluu.

"Nimekuja kukusimulia picha," alisema.

"Picha?"

"Picha la Kihindi. La zamani. Kaa chini, ni refu."

Akasimulia. Alisimulia stesheni na masharubu na saa ya mnyororo, akamwigiza mpiga ngoma, akasimulia komeo. Wapangaji wawili wakasogea na masufuria yao kusikiliza, wakidhani mgeni ni mtu wa hadithi. Alipofika kwenye mvua, sauti ilianza kumtoroka. Akakohoa. Alipofika kwenye "ameloa, leteni taulo," hakuweza kuendelea, na hata hivyo hapakuwa na la kuendelea.

Matilda alikuwa anajifuta kwa nguo ya mtoto. "Lakini mama," alisema, "umekosea. Aliyefukuzwa ni mimi, na anayebisha ni wewe."

"Basi nifungulie."

Mtoto akaletwa, ametoka usingizini, mashavu yana alama za mkeka. Meno yalikuwa ya chini. Theopista alimpakata, akamwambia mambo mengi kwa Kichaga ambayo hata Matilda hakuyasikia vizuri.

Shaibu alirudi mchana kutoka karakana yake, mikono imejaa oili. Alipoona ni nani amekaa barazani kwake, akasimama kwenye jua, spana mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," Theopista akasema. "Nawa mikono uje tule. Na friji langu linavuja maji, sijui umeshapata habari."

Kuanzia hapo Matilda akawa anakuja Kariakoo na mtoto, na Theopista, ambaye sasa alikwenda dukani asubuhi tu, alikuwa na hadhira kubwa zaidi ya picha zake. Mtaa ukarudia kumwita Mama Matilda bila kuambiwa.

Matilda alitaka kuiona ile picha. Alitaka kumwona huyo mzee wa stesheni aliyemtuma mama yake Magomeni. Kila alipoitaja, Geeta alikuwa na sababu: mkanda ule ni wa zamani, utaharibu deki, ile picha ni ndefu, mtoto atachoka, mbona kuna nyingine nzuri zaidi. Lakini Vitalis, ambaye hakujua kuna sababu ya kutouleta, aliukuta Jumamosi moja kwenye rafu, akauleta. Hiral naye alikuwa nyumbani siku hiyo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, na akashuka na mama yake, akisema hiyo picha alisimuliwa tangu mdogo ila hajawahi kuiona kwa macho.

Umeme haukukatika.

Binti alibisha. Baba aliamka. Alichukua taa, akaenda mpaka mlangoni, akasimama, mkono ukiwa juu ya komeo. Binti akabisha tena. Muziki ukapanda. Mkono wa baba ukakaa juu ya chuma, ukakaa, ukashuka. Binti akageuka, akaingia kwenye mvua. Asubuhi mzee akafungua mlango, akakuta kizingitini kiatu kimoja cha mtoto. Akakiokota. Treni ikapita mbali. Mwisho.

Hiral ndiye aliyeanza. "Mama," alisema, "wewe uliniambia walileta taulo."

Theopista alimgeukia Geeta. "Ina maana mimi nilijikongoja mpaka Magomeni, na mgongo huu, kwa ajili ya picha isiyokuwepo?"

Geeta alikuwa ameshika kamba ya miwani yake. Alisema samahani kwa sauti ndogo sana, akainuka, akatoka. Walisikia ndala zake zikipanda ngazi.

"Amenifanya mjinga," Theopista alisema. "Nimeisimulia ile hadithi mbele za watu. Nimelia mbele ya wapangaji!"

Matilda akamnyanyua mtoto wake, akamweka mapajani kwa bibi yake. "Sawa, mama. Unataka turudishe huyu?"

Theopista akamwangalia mtoto. Mtoto akamvuta hereni.

Hasira yake ilimkaa siku chache. Akiwa dukani alikuwa anapima kitambaa huku akisonya peke yake. Lakini hasira hiyo, alivyoichunguza, haikuwa ya kudanganywa. Ilikuwa ya yule mzee. Alimwona akiwa na mkono wake juu ya komeo, na kila alipomwona alitamani kuingia mle ndani ya televisheni ampige kofi. Siku moja akafunga duka mapema, akashika ukuta, akazipanda ngazi za kwenda juu. Ngazi zilikuwa chache ila kwa mgongo ule zilikuwa mlima.

Geeta alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Alitaka kusimama, Theopista akamzuia, akajishusha kwenye kiti.

"Aliyetunga ile picha hana mtoto," Theopista alisema. "Nimefikiri sana, nimeona hivyo. Au anaye na hajawahi kumbeba. Mwisho wako ndio sahihi, wake ndio wa uongo. Lakini nataka kujua. Ulinidanganya kwa sababu ya Matilda?"

Geeta akaondoa jiwe kwenye mchele, akaliweka pembeni.

"Habari za Matilda nilizijua, jengo zima linazijua. Lakini picha ile naimaliza hivyo tangu sijawa mjane. Tangu sijakuwa mama." Akasogeza sinia. "Nilikuwa na mdogo wangu, Manan. Mimi nikienda sinema na mama siku ya onyesho la wanawake tu, yeye haruhusiwi, basi nikirudi namsimulia yote, na ngumi naigiza. Alipokua akaoa Mluguru. Baba akafunga mlango. Mwaka uliofuata picha hii ikaja mjini, mama akasema twende. Tumekaa pale, tumeona ule mwisho. Tumefika nyumbani, baba anatuuliza, 'Picha ilikuwa nzuri?' Nikamsimulia. Nilipofika mlangoni, nikasema baba akafungua. Nilikuwa namwangalia usoni."

"Akasema nini?"

"Akasema picha ni uongo mtupu, akaenda kuoga. Lakini mama akawa ananiambia nimsimulie tena. Tukiwa jikoni, tukiwa tunakunja nguo. 'Nisimulie ile ya stesheni.' Na ule mwisho aliuona mwenyewe, kwa macho yake! Nikawa namsimulia hivyo hivyo, mpaka alipokufa. Halafu nikawasimulia watoto. Siku ile umeme ulipokatika, sikuona kama nadanganya. Ulikuja wenyewe."

Chini mtaani mwuza machungwa alikuwa anagongesha kisu chake.

"Manan yuko wapi?"

"Morogoro. Ana karakana ya mbao. Watu wananiambia."

"Morogoro hapa?"

"Hapo hapo."

"Na baba yenu?"

"Amefariki zamani. Hiral alikuwa anatambaa."

Theopista akahesabu kichwani umri wa Hiral, akashangaa. "Sasa Mama Hiral," alisema, "muda wote huo, komeo anashikilia nani?"

Geeta alirudisha mkono kwenye mchele, lakini vidole havikuchagua kitu. Akasema anaona aibu. Angekwenda mwanzoni, alisema, wakati baba amekufa. Akaogopa kidogo, akasubiri, na kila mwaka aliosubiri ukawa sababu ya kuogopa zaidi. Theopista alimwambia kwamba aibu anaijua, alipanda nayo teksi, wakakaa wote kiti cha nyuma mpaka Magomeni, na kwamba walipofika aibu ilibaki garini.

Walikwenda mwezi uliofuata, Theopista, Geeta na Hiral, kwa basi la asubuhi kutoka Kisutu. Geeta alibeba ndoo ndogo ya vitafunwa alivyokaanga mwenyewe, akaipakata mapajani kuanzia Kibaha hadi Chalinze. Karibu na Morogoro alianza kunong'ona peke yake Kigujarati. Hiral akamwambia Theopista kwa chini kwamba anarudia maneno ya kumwambia mjomba.

Maneno hayo hayakusikika. Karakana ilikuwa wazi, paa la mabati bila kuta, na msumeno mkubwa ulikuwa unapasua mvule kwa kelele za kuziba masikio. Mwanamume mwenye mvi, kofia imejaa vumbi la mbao, aliwaona, akadhani wateja, akawaonyesha kwa mkono wasubiri. Geeta akafungua mdomo, akasema yote aliyoyapanga, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na msumeno ukayameza yote. Theopista alimwona midomo tu.

Ubao ukakatika. Mtu akazima mashine. Ukimya ukaja ghafla.

"Karibuni," yule mwanamume alisema huku akijipangusa. "Mnataka mbao za ukubwa gani?"

Geeta alikuwa ameishiwa maneno. Akamwita kwa jina la nyumbani tu, jina la utotoni, fupi kama la paka. Mwanamume akabaki na kitambaa shingoni. Akamwangalia miwani, akamwangalia miguu, akarudi usoni. Kisha akatafuta nyuma yake kwa mkono kitu cha kukalia, akakaa kwenye rundo la mbao.

Mkewe, mama mnene mwenye sauti kubwa, alitoka nyumba ya nyuma akipiga makofi kufukuza kuku. "Baba Megha, mbona umezima? Hawa ni akina nani?"

"Ni dada," Manan alisema.

"Dada yupi?"

"Yule wa sinema." Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, yanachimba njia kwenye vumbi la mbao mashavuni. "Yule aliyekuwa anatusimulia mpaka ngumi."

Yule mama akaitazama familia iliyosimama kwenye karakana yake, na Mchaga mmoja katikati ambaye hakujulikana amehusikaje. Akaita ndani watu waweke maji jikoni. Akamkamata kuku, akakumbuka kwamba ndugu wa mumewe hawali nyama, akamwachia, akatuma mtu sokoni akalete ndizi na maharage mabichi.

Walikula kwenye mikeka, chini ya milima ya Uluguru iliyokuwa imevaa wingu. Watoto wa Manan, watu wazima sasa, walifika mmoja mmoja kutoka makazini kadiri habari zilivyowafikia, kila mmoja akiingia na "Shikamoo, shangazi," na Geeta akawa anawaitikia huku akiwashika nyuso kuwatafuta wanafanana na nani. Wa mwisho alikuwa Megha, mwalimu, amekuja mbio na chaki bado iko mkononi. Alikaa karibu na shangazi yake bila kuvua viatu.

"Shangazi, utakaa mpaka lini?"

Geeta alimwangalia Hiral. Hiral akasema kazini ameomba ruhusa ya wiki nzima, na kwamba nguo za mama yake zimo kwenye begi, alizipanga yeye mwenyewe bila kumwambia.

Theopista akawaaga jioni hiyo ili awahi basi. Manan alimsindikiza mpaka stendi, akiwa amembebea kipande cha mvule, laini, kilichorandwa vizuri, ambacho alisema hajui Theopista atakifanyia nini lakini hawezi kumwacha aondoke mikono mitupu.